Waliobaki Juba: Habari za Imani Wakati wa Dhiki

Upande wa mashariki wa Naili Nyeupe, mwendo mfupi kaskazini ya mji wa Juba, pana mahali paitwapo Gondokoro, ambapo leo ni mashamba na mazizi ya ng'ombe, lakini ambapo katika karne ya 19 palitajwa mno Vienna, Roma na London, na watu ambao hawakupata kusikia jina la kijiji kingine chochote cha pande hizo. Manahodha wa mto walipajua kuwa ndipo ukomo wa safari, maana mbele yake maji hupita juu ya majabali na jahazi haziwezi kupanda. Wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa walipajua kuwa ni gulio. Na Kanisa Katoliki lilipajua kuwa ni makaburini.

Mtu aingiaye Juba siku hizi, awe mchuuzi aliyetoka Arua au dereva wa lori aliyevuka mpaka wa Nimule, hakai sana kabla ya kusikia maneno mawili ya Kiarabu cha mji ule, "Rabuna fi," Mungu yupo, yakisemwa na mama auzaye chai chini ya mwembe, na askari ambaye mshahara wake umechelewa miezi kadhaa, na mzee aliyekwisha kimbia vita mara ambazo hazihesabu tena. Yasemwa pasipo huzuni wala majigambo, kwa sauti ile ile ambayo kwayo mtu hutaja bei ya unga. Aghalabu wanaoandika habari za nchi hiyo husema kwamba imani hii ni zao la misheni, wakamaliza. Mimi naona ukweli umekaa kinyume: tarehe ya Juba yaonyesha kwamba misheni ilipokuwa na fedha na ulinzi wa dola, dini ilikuwa nyepesi, na kwamba ilipata uzito kila walioileta walipokufa au walipofukuzwa, ikaachwa mikononi mwa watu ambao hawakuwa na pa kwenda.

Wenyeji wa mahali pale ni Wabari. Kabla ya padri yeyote kufika walimjua Mungu kwa jina la Ngun, aliye juu, na walikuwa na taratibu zao za kumwelekea wakati wa shida. Na katika shida zote kubwa kupita zote ilikuwa mvua. Nchi ile ina kiangazi kikali, na mtama hautegemei mto bali wingu. Kwa hiyo madaraka makubwa yalikuwa mikononi mwa wazee wa mvua, ambao nyumba zao zilirithishana kazi hiyo, wakapewa ng'ombe na heshima, wakawa wadhamini kati ya watu na mbingu. Udhamini huo ulikuwa na masharti yake. Mvua ikinyesha mzee alisifiwa. Ikikataa aliombwa, kisha akalaumiwa, kisha akatishwa, na ukame ukizidi aliweza kuuawa na watu wake mwenyewe.

Katika nchi hiyo aliingia Ignaz Knoblecher, padri Mslovenia wa dola ya Austria, mkuu wa misheni ya Afrika ya Kati iliyokuwa na makao Khartoum, ambaye alipanda mto mwishoni mwa mwaka 1849, akafika kwa Wabari Januari 1850, akapendezwa na alichokiona. Alirudi Ulaya kutafuta msaada, akapata ulinzi wa Kaisari Franz Joseph, akarejea na fedha, na mafundi, na jahazi lake lililoitwa Stella Matutina. Mwenziwe Mwitalia, Angelo Vinco, hakungoja hayo yote. Tangu mwaka 1851 alikuwa amekaa kati ya Wabari peke yake, akasafiri nchi yao huku na huku, akapendwa. Akafa kwa homa Januari 1853, katika mwezi ule ule ambao Knoblecher aliwasili Gondokoro kuweka kituo. Basi jiwe la msingi na kaburi la kwanza vilikwenda pamoja.

Wakajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, wakapanda bustani yenye milimau, wakafungua shule. Mapadri walikuja na mafundi walikuja, wengi wao vijana, na homa ikawachukua mmoja baada ya mwingine, wengine kabla ya kuimudu lugha ya wale waliowaendea. Knoblecher mwenyewe alitoka akiwa taabani, akafa Napoli Aprili 1858. Mwaka ule ule Daniel Comboni, ambaye baadaye jina lake lingeenea Afrika nzima, alifika katika kituo cha Msalaba Mtakatifu, kaskazini zaidi kwenye mto ule ule. Akaondoka mwaka uliofuata, mgonjwa, baadhi ya wenziwe wamekwisha zikwa. Muda si muda Gondokoro pakafungwa kwa kukosa walio hai.

Lakini wakati huo huo, karibu na hapo, lilitokea jambo jingine ambalo masimulizi ya misheni hulitaja kwa haraka mno. Mzee wa mvua aliyekuwa mwenyeji wa wageni hao aliitwa Nyigilo. Alikuwa amefika Khartoum, alijua Kiarabu, na alikuwa sahibu wa Vinco. Alikuwa, kwa neno moja, mtu aliyesimama kwenye mlango wa dunia mbili. Mwaka 1859 mvua ilikataa na njaa ikaingia, na watu wake wakamwua. Katika muda mfupi, basi, na katika eneo ambalo mtu hulitembea kwa miguu, tegemeo la kale na tegemeo jipya yalianguka pamoja: mdhamini wa mvua hakuleta mvua, na mapadri, waliohubiri Mungu asiyehitaji mdhamini wa namna ile, hawakuweza kuishi. Mbari wa mwaka 1860 angekuwa na haki ya kuuliza, ni nani sasa wa kutumainiwa?

Samuel Baker, Mwingereza aliyekuwa akimtumikia Khedivu wa Misri, alipofika pale mwaka 1871, alikuta matofali ya misheni hayapo. Wabari walikuwa wameyachukua, wakayaponda, wakayasaga hata yakawa unga laini mwekundu, wakauchanganya na mafuta, wakajipaka mwilini. Kilichosalia kilikuwa safu ya milimau, mikubwa, yenye kuzaa kupita kiasi, na malimau yametapakaa chini bila mtu wa kuyaokota. Mtu aweza kuyahesabu mambo hayo kuwa ni dharau kwa kazi ya watakatifu. Mimi siyaoni hivyo. Watu walichukua katika nyumba ile kile walichokuwa na haja nacho, wakaacha wasichokuwa na haja nacho, na dini ilikuwa miongoni mwa vilivyoachwa kwa sababu ilikuwa bado ni mali ya wenye nyumba.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi, si kwa kuwa haikuwa na dhiki, bali kwa kuwa dhiki yake haikuacha wengi wa kuisimulia. Biashara ya watumwa ilikausha kingo za mto. Wamisri walikuja wakaenda. Emin Pasha, gavana wao, alitawala kutoka Lado, kisha akarudi nyuma mbele ya majeshi ya Mahdi, aliyeasi utawala wa Misri. Wabelgiji wakawashinda Wamahdi huko Rejaf mwaka 1897, na kipande kile cha nchi kikawa cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka mwaka 1910. Askari wa Emin waliosahaulika nyuma walichukuliwa na Mwingereza Lugard mwaka 1891 wakaingizwa Uganda, na wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera, Waislamu ambao Kiarabu chao ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Mtaa wa Malakia ulio Juba hadi leo una watu wa asili ya namna hiyo. Nao wana fungu lao katika habari hizi, maana tawakali haikuwa ya kanisa peke yake. Jamii iliyotekwa, ikavikwa sare, ikaachwa porini na serikali iliyoivika sare hiyo, kisha ikabaki na sala zake tano, haihitaji kufundishwa na mtu maana ya kumtegemea Mungu.

Waingereza walipoimiliki nchi waliyagawanya maeneo yake kwa madhehebu kama mzee agawavyo mashamba kwa wanawe, hawa huku na wale kule, wasipigane. Wamisionari Waanglikana walianza Malek, karibu na Bor, mwaka 1906. Juba, ambapo palikuwa kijiji cha Wabari, walifungua shule katika miaka ya 1920. Kisha serikali ikahamishia hapo makao ya jimbo kutoka Mongalla, Wayunani wakajenga maduka yao, na mji ukazaliwa. Wakatoliki nao wakajenga Kator, upande wa kusini wa mji. Shule zote zilikuwa za misheni, na kijana aliyetaka kujua kuandika jina lake alipewa na jina jipya la kuandika. Ilikuwa dini ya darasani, yenye daftari na sare, na wazee wengi waliwaruhusu watoto wakaifuate hali wao wenyewe hawakuona sababu ya kuhama walikokuwa.

Mei 1955, katika Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu maaskofu wasaidizi wanne Waafrika kwa siku moja: Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, Yohana Omari wa Tanganyika, na Daniel Deng Atong wa Sudani ya Kusini. Wakatoliki nao mwaka huo huo walimpata Ireneo Dud, askofu wao wa kwanza mzalendo. Watatu wa wale wanne wa Namirembe walirudi kwenye nchi zilizokuwa na misukosuko yao, lakini wa nne alirudi kwenye vita. Agosti mwaka ule ule askari wa Torit waliasi, na vita vya kwanza vikawashwa hata kabla Sudani haijapata uhuru Januari 1956.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa mazito. Serikali ya Khartoum ilitwaa shule za misheni mwaka 1957. Chini ya Jenerali Abboud, aliyeitawala Sudani wakati huo, mwaka 1960, siku ya mapumziko ilihamishwa kutoka Jumapili kwenda Ijumaa, wanafunzi wakagoma, na padri mmoja mzalendo akahukumiwa kifungo cha miaka mingi kwa ajili ya karatasi zilizosambazwa kupinga amri hiyo. Mwaka 1962 ilitoka sheria iliyomlazimu mmisionari kuwa na leseni kwa kila alitendalo. Na mwishoni mwa Februari 1964 ikaja amri ya kuwafukuza wote. Wageni wapatao 300, mapadri, masista, walimu na waganga, waliondolewa kusini katika muda wa siku chache, wakituhumiwa kwamba wao ndio wachochezi wa uasi.

Walioiweka amri hiyo walidhani wanaung'oa mti wenyewe. Hesabu yao ilikuwa na akili, kwa kuwa mapadri na makasisi wazalendo walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kiasi kile, na mahali pengi palibaki bila hata mmoja. Aliyebaki alikuwa katekista. Huyu hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa mkulima mwenye mke na watoto, aliyesoma miaka michache kwenye shule ya kijiji, mwenye daftari la majina ya waliobatizwa, kitabu cha nyimbo, na sehemu za Maandiko kwa lugha yake ikiwa amebahatika. Kengele ilipoibwa au kuvunjwa alitundika rimu ya gari kwenye tawi la mti akaigonga kwa chuma. Alibatiza, alizika, alipatanisha mume na mke, alifundisha watoto kusoma kwa kuandika mchangani. Hakuwa na mshahara, kwa maana aliyekuwa akimlipa alikuwa amepakiwa ndegeni. Mahali pengine sala zilisaliwa usiku, porini, mbali na barabara ya askari.

Julai 1965 askari waliwasha moto nyumba za Juba usiku na kuwapiga risasi waliotoka, wakafa mamia. Siku chache baadaye ikawa zamu ya Wau. Waliosalimika walikwenda Uganda, Ethiopia, na hata Kongo, nchi ambayo yenyewe ilikuwa ikiungua kwa vita vya waasi walioitwa Simba, hata ikawa mpakani watu wanaokimbia kuingia hukutana na watu wanaokimbia kutoka. Katika kambi za Uganda katekista alitangulia kujenga kibanda cha sala kabla ya kumaliza paa lake mwenyewe. Na jambo ambalo hakuna mkuu yeyote wa Khartoum aliyelitazamia ndilo lililotokea: vita vilipokoma, waliorudi vituoni walikuta Wakristo wengi kuliko walioachwa mwaka 1964. Watu ambao hawakuisogelea misheni ilipokuwa na shule, zahanati na gari, waliisogelea ilipobaki na mkulima na rimu yake. Sioni namna ya kulieleza jambo hilo kwa faida za dunia, kwa sababu hapakuwa na faida ya dunia iliyobaki.

Nadhani lilitokana na usawa wa hali. Padri wa Gondokoro, pamoja na ushujaa wake wote, alikuwa na jahazi. Mtu humsikiliza mwenye jahazi kwa sikio moja, kwa kuwa anajua kwamba mambo yakiharibika huyu atapanda chomboni. Katekista alipowaambia watu kwamba Mungu hawaachi, alikuwa na njaa ile ile, na nyumba yake ilichomwa usiku ule ule, na mwanawe amelazwa kwenye kaburi lile lile lisilo na jiwe. Maneno yake yalikuwa na dhamana.

Amani ya kwanza ilitiwa sahihi Addis Ababa mwishoni mwa Februari 1972, miaka minane baada ya amri ile ya kuwafukuza wamisionari, mwezi ule ule. Na walioisimamia walikuwa ni watu wa makanisa, Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lenye makao Nairobi, ambalo katibu wake mkuu, Burgess Carr wa Liberia, ndiye aliyekaa kitini majadiliano yalipofanyika. Wakimbizi walirudi, Chuo Kikuu cha Juba kikaanzishwa, Elinana Ngalamu akawa askofu mkuu wa kwanza wa Waanglikana wa Sudani mwaka 1976. Waswahili husema baada ya dhiki faraja, na kweli ilikuwa faraja. Ila methali hiyo haisemi faraja hukaa muda gani. Hii ilikaa miaka 11. Mwaka 1983 vita vya pili vilianza, na mwaka huo huo Paolino Lukudu Loro akakalia kiti cha uaskofu mkuu wa Juba, kiti ambacho hakukiacha mpaka 2019.

Katika vita hivi vya pili Juba palikuwa mahali pa ajabu: jeshi la serikali lilikuwa ndani na waasi wa kusini, wapiganaji wa SPLA, walikuwa nje, na raia katikati, wasioaminiwa na walio ndani wala kufikiwa na walio nje. Torit ilianguka Februari 1989, barabara zilikatwa, mabomu yalitegwa ardhini kuuzunguka mji, hata mwanamke aliyetoka kutafuta kuni alikwenda umbali ule ambao jirani yake alikwenda jana akarudi, asizidishe hatua. Chuo kikuu kilihamishiwa Khartoum. Mji ulijaa waliokimbia vijiji, na chakula kilikuja kwa ndege za misaada, zikiwemo zile za Walutheri, na kwa mashua mara moja moja chini ya ulinzi. Makanisa yaliungana na mashirika kugawa nafaka, na kwa mtu wa Juba wa miaka hiyo daftari la parokia lilikuwa ni daftari la mgao pia. Embe ilikuwa chakula na si tunda. Kwa majuma kadhaa kila mwaka miembe ya Juba, mingi kama ijulikanavyo, ililisha watoto.

Juni na Julai 1992 SPLA waliushambulia mji, wakaingia, wakarudishwa. Kilichofuata ndicho ambacho wazee wa Juba hawapendi kukisimulia: mamia walikamatwa na serikali, wanajeshi, polisi, watumishi na raia, wakapelekwa katika nyumba iliyojulikana kwa jina la Nyumba Nyeupe, na wengi hawakutoka. Vitongoji vya pembeni vilibomolewa. Jumapili iliyofuata, na kila Jumapili baada ya hapo, watu walikwenda Kator na katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote la Waanglikana. Haifai kuyapamba mambo haya. Tangu mwaka 1986 Waanglikana wenyewe walikuwa wamegawanyika makundi mawili, wakigombea uaskofu mkuu katika mji uliozingirwa, wakapatana mwaka 1992, mwaka ule ule wa maafa. Nami nayataja ili mtu asije akadhani nasimulia habari za malaika. Watu waliomtumainia Mungu Juba walikuwa na wivu, ukabila na tamaa ya cheo kiasi kile kile cha watu wa mahali pengine.

Wala tumaini lao halikuwa la kunyamaza. Wainjilisti wa Kidinka waliokuwa upande wa pili wa mapigano walitunga tenzi mamia kwa mamia katika miaka hiyo, na mwanamke mmoja wa Bor, Mary Alueel, akatokea kuwa mtunzi mashuhuri kupita wote. Nyimbo hizo zilivuka mistari ya vita zikaimbwa kambini na mijini. Ndani yake mna maswali makali kwa Mungu pamoja na sifa. Na mafundisho yao mengi yaliishika sura ya 18 ya kitabu cha Isaya, inayoitaja nchi iliyo ng'ambo ya mito ya Kushi, na watu wake warefu, ambao baada ya masaibu wataleta zawadi mlimani Sayuni. Watu wa kusini walijisoma humo, wakasema, hii ni habari yetu: dhiki iliandikwa, basi na mwisho wake umeandikwa. Mwanachuoni atasema nabii alikuwa akizungumza na wajumbe wa Kushi wa zama zake, na atakuwa na haki. Lakini mtu aliyelala ndani ya handaki na watoto wake hakuwa akitafuta tafsiri ya wanachuoni. Alikuwa akitafuta ahadi yenye jina lake.

Ahadi hiyo ilionekana kutimia. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005. John Garang, kiongozi wa SPLA, alikufa katika ajali ya helikopta mwezi Julai, akaombewa katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote na kuzikwa Juba. Na karibu na kaburi lake, tarehe 9 Julai 2011, nchi mpya ikatangazwa baada ya karibu asilimia 99 ya waliopiga kura kuchagua kujitenga. Hapakuwa na mahubiri siku hizo yasiyomtaja Isaya. Nami naona hapo ndipo tumaini lilipoanza kutumiwa vibaya, kwa kuwa wakubwa nao walijifunza kuisoma sura ile, wakaifanya hati ya miliki yao. Na mtu anayeamini kwamba cheo chake kiliandikwa na nabii hana haraka ya kumhesabia raia fedha zake.

Desemba 2013 walioungana chini ya bendera moja walianza kuuana mitaani mwa Juba, na Julai 2016 wakarudia. Safari hii hapakuwa na Mwarabu wa kulaumiwa, wala mtu wa dini nyingine. Viongozi wa pande zote mbili walikuwa Wakristo. Ni jaribu kubwa kuliko la 1964, kwa maana adui wa nje huimarisha imani, lakini ndugu muumini akiua, huichimba kwenye msingi. Na bado, milio ya risasi iliposikika, watu walikimbilia wapi? Maelfu waliingia katika uwanja wa Kathedrali ya Mtakatifu Theresa, Kator, na makanisa mengine, wakalala sakafuni na vyombo vyao. Maelfu wengine waliingia kambi za Umoja wa Mataifa, na humo humo, baina ya maturubai, wakajenga nyumba za sala kwa miti na plastiki. Mwaka ule wa 2016 kambi ya wakimbizi ya Bidibidi ilifunguliwa kaskazini ya Uganda, na mambo ya babu zao wa 1965 yakarudiwa na wajukuu, hata kibanda cha sala.

Papa Fransisko alifika Februari 2023, pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury na Msimamizi wa Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland, akasema na mapadri Kator, akasali na umati penye kaburi la Garang. Miaka minne kabla yake, huko Vatikani, alikuwa amewapigia magoti viongozi wa nchi hiyo akabusu miguu yao, akiwasihi wasirudi vitani. Dunia ililizungumza sana busu hilo. Kwa raia wa Juba lililo kubwa lilikuwa kwamba kuna mtu aliyekuja, akaona, asiombe kitu. Uchaguzi ulioahidiwa Desemba 2024 uliahirishwa hadi Desemba 2026, na kwa wasomaji wa hesabu za dola hakuna sababu nyingi za kutumaini.

Maaskofu wana vitabu vyao, na mapadri wa Gondokoro wameandikiwa wasifu kwa Kijerumani, Kislovenia na Kiitaliano. Katekista wa 1964 hana. Waliokuwa vijana mwaka ule sasa wamepita miaka 80, na wengi hawapo Juba. Wako Arua, Adjumani, Kakuma, Nairobi, na hata nchi za mbali zaidi, kwenye nyumba za wajukuu zao. Basi wewe usomaye haya, ukiwa jirani au mkwe wa mzee kama huyo, kaa naye angali na kauli, umwulize nani alimbatiza, nani alishika daftari, na waliizika wapi misalaba ya kanisa askari walipokuja. Kisha uandike, utaje na jina.